Mama alikuwa akiongea na marehemu baba mchana kweupe, nami nikawa namtumia maswali

Wakuu, salaam kwenu. Wenye wagonjwa majumbani, nawaombea wapate nafuu.

Humu mimi ni msomaji tu. Nimeishia darasa la saba, nachomelea mageti na madirisha hapa Kibaha. Haya yamenitokea mwenyewe. Kuna sehemu inanitia aibu, ila nikiiruka hiyo bora nisiandike kabisa.

Baba alifariki kwetu Msimbu, Kisarawe. Mimi nilikuwa Tunduma kwenye kazi ya geti. Nilipofika walikuwa wameshazika.

Hakuna aliyenilaumu. Lakini mara ya mwisho kuongea naye kwa simu tuligombana, na aliyekata simu ni mimi.

Mama akakaa eda mpaka ikaisha. Siku ya kutoka, ndugu walipika wali na mbaazi za nazi. Kesho yake nikamchukua aje kukaa kwangu. Mama ana kisukari cha miaka mingi, anachoma sindano za insulin.

Siku ya tatu tangu ile shughuli, asubuhi, akatapika. Mke wangu akaniita uani, akanionyesha beseni.

Mbaazi. Nzima nzima, na wali wake.

Kwangu tangu afike hatukuwa tumepika mbaazi.

Nikampigia mama mdogo kule Msimbu. Akasema, "Hicho ni chakula cha eda, mwanangu. Marehemu hajampa ruhusa ya kutoka."

Nikamwambia aache hizo. Lakini lile beseni tulilitupa.

Ikawa mama akila vijiko vitatu anasema ameshiba. Tumbo limejaa kama ngoma. Sindano tunamchoma saa ileile, dozi ileile, kama alivyozoea.

Wiki iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nipo uani napaka dirisha rangi, nikamsikia barazani anaongea. Anasema, ananyamaza, anajibu. Nikaenda kuangalia. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha plastiki kitupu. Jasho la baridi linamtiririka, mikono inatetemeka.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na baba yako. Anasema hilo dirisha limepinda."

Nikarudi nikalipima. Lilikuwa limepinda.

Mke wangu akamwita ustaadhi wa mtaani kwetu. Akasoma, halafu akampa mama maji ya asali aliyoyasomea. Haukupita muda mama akawa mzima, anauliza huyu mgeni amekaribishwa chai au anatazamwa tu. Tukaamini kisomo kimefanya kazi.

Sasa hii ndiyo sehemu yenyewe.

Siku chache baadaye ikarudi, saa zilezile za mchana. Mke wangu alikuwa sokoni. Asali ipo kabatini, namba ya ustaadhi ninayo. Wakuu, sikumwita mtu. Nilivuta ndoo nikakaa.

"Mama, muulize kama ana kinyongo na mimi."

Akageukia kile kiti. Akasikiliza muda mrefu, anatikisa kichwa taratibu.

"Anasemaje?"

"Ngoja, bado anaongea."

Nikangoja. Mtu mzima nimekaa juu ya ndoo, mama yangu analowa jasho mbele yangu, nami nangoja jibu. Mwisho akadondoka ubavu, macho wazi.

Hospitali walimpima, sukari ilikuwa karibu kuisha kwenye damu. Wakamtundikia dripu ya sukari, akazinduka. Hakukumbuka chochote.

Daktari, dada mmoja mpole, alinieleza hivi: kisukari cha muda mrefu kinaharibu neva. Wengi tunajua ganzi ya miguu. Lakini tumbo nalo lina neva zake, ndizo zinazolifanya lisukume chakula kiende chini. Za mama zimeharibika. Chakula kinakaa tu, hata siku mbili tatu. Sindano haisubiri. Inashusha sukari wakati chakula bado kimelala tumboni, na ubongo ukikosa sukari mtu anaona na kusema mambo.

"Na dirisha je, dokta?"

"Mama yako si ana macho?"

Nilicheka na yeye. Nilipofika nje nikalia.

Wakampangia upya dozi na saa za sindano. Anakula vyakula laini, kidogo kidogo. Anaendelea vizuri.

Wiki iliyopita ikatokea tena, mara moja tu. Nikamkuta ameelekea kwenye kiti, jasho limeanza.

"Amekuja," akasema. "Leo anakutaka wewe."

Nikakoroga maji ya sukari.

"Subiri basi, anasema na wewe."

Nikamshika kidevu, nikamnywesha mpaka mwisho. Akatulia, akaniangalia.

"Mbona tamu hivi? Unataka kuniua?"

"Hapana, mama."

Nilichojifunza: mgonjwa wa kisukari akitapika chakula cha juzi, au akishiba kwa vijiko viwili, muone daktari mapema, msibuni wenyewe. Akianza kutoka jasho na kuongea yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpe sukari papo hapo, kisha mkimbize hospitali.

Mliouguza tumbo la namna hii, mnawapikia nini? Nasoma koment zote. Na kama yupo aliyewahi kumkatisha marehemu kauli ili aliye hai apone, aandike hapo chini alivyoishi baada ya hapo.