Mdakaji Niliyemnyamazisha

Uwanja wetu wa softiboli pale Endasak uliteremka. Ukiweka mpira chini karibu na anaposimama mpigaji, ulitambaa wenyewe kuelekea kituo cha tatu mpaka uzuiwe na majani. Kwenye uwanja wa namna hiyo, anayedokoa mpira ni hatari kuliko anayeupiga mbali.

Kudokoa lilikuwa neno la wanafunzi wangu. Mpigaji hazungushi rungu. Analishika tu mbele ya mpira, mpira unaligusa na kudondoka hatua chache, naye anakimbilia kituo cha kwanza wakati walinzi bado wanatazamana.

Sikuwa mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa karani wa ushirika, na ushirika ulipokufa shule ya sekondari ikanichukua kutunza stoo. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Wengi wetu bado tulijitambulisha kwa mazoea kuwa watu wa Arusha. Mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo alikuwa ameanzisha timu ya softiboli ya wasichana, na mimi nilimsaidia kutafsiri. Alipoondoka aliacha mfuko wa glavu, marungu matatu na mipira miwili. Mkuu wa shule akaniambia, "Mfuko uko stoo kwako, basi na timu ni yako." Nilidhani anatania. Leo namshukuru kuliko anavyojua.

Ulinzi wa mpira wa kudokolewa niliuandika kwenye daftari kama mwalimu yule alivyonifundisha. Walinzi wa kituo cha kwanza na cha tatu wanakimbia mbele pamoja na mrushaji. Wa kituo cha pili anakwenda kulinda cha kwanza kilichoachwa wazi. Mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ndiye peke yake anayewaona wote usoni. Kwa hiyo yeye ndiye anayeita: nani auokote, autupe wapi. Wengine wanatii bila kuuliza.

Mdakaji wetu alikuwa wa kidato cha kwanza, mtoto wa wafugaji wa Dirma, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe kutoka upande wa pili wa bonde. Kituo cha tatu alikilinda kiranja mkuu, wa kidato cha nne. Siku moja mazoezini nilidokoa mpira mwenyewe ili wajifunze. Wote wawili, kiranja na mrushaji, wakauvamia.

"Acha wewe! Acha!" mdakaji akapiga kelele. "Wa mrushaji huo!"

Kiranja akasimama, mikono kiunoni. "Mzee, umemsikia? Mimi ananiambia 'wewe'. Juzi tu nimemwonyesha choo kilipo!"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikulia kwenye nyumba ambayo mtoto hamwamrishi mkubwa hata paa likiwaka moto. Anaanza na shikamoo. Nikampigisha yule binti magoti kwenye changarawe, mbele ya wote, mpaka mazoezi yakaisha. "Kuanzia leo," nikasema, "anayeita ni kiranja peke yake."

Hakulia. Aliendelea kudaka vizuri, kimya kabisa. Mimi nilijisifu kwamba nimemfundisha adabu.

Wiki chache baadaye tukapanda lori la mahindi kwenda kucheza na shule moja upande wa Tumati. Timu itakayoshinda ingekwenda Babati, na wengi wa wasichana wangu walikuwa hawajawahi kufika Babati. Tuliongoza kwa pointi moja mpaka zamu yao ya mwisho ya kupiga. Walikuwa na wakimbiaji wawili, mmoja kituo cha pili na mmoja cha tatu. Mpigaji wao akadokoa.

Mpira ukalala katikati ya kiranja na mrushaji. Kiranja alikimbia ameinamisha kichwa, hakuweza kuona chochote cha kuita. Nilimtazama mdakaji. Alikuwa amesimama, mkono umeinuka nusu, mdomo wazi. Aliona kila kitu. Kisha akageuza macho, akaniangalia mimi.

Kiranja na mrushaji wakagongana. Mdomo wa kiranja ukapasuka. Wakimbiaji wote wawili wakafika nyumbani, pale anaposimama mpigaji, wakapata pointi mbili, na mchezo ukaisha hapo.

Kesho yake mdakaji alikuja stoo na glavu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unairudisha?"

"Nyumbani kuna kazi nyingi, mzee."

Nilijua si kweli. Nilichotakiwa kusema nilikijua pia, lakini nikaipokea glavu, nikaitundika ukutani. Siku tatu niliitazama pale kila nilipofungua mlango.

Siku ya tatu jioni nilikuwa nyumbani tukiingiza ng'ombe. Ndama mmoja akachomoka. Binti yangu wa mwisho, hajaanza hata shule, alikuwa amesimama langoni mwa zizi. "Baba, kwako! Mama, wewe mwache!" Mke wangu akasimama, mimi nikatanua mikono, ndama akarudi. Tulimtii mtoto yule bila hata kufikiri, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona ndama usoni. Nilibaki nimesimama kwenye samadi, mikono bado imetanuka, mpaka mke wangu akaniuliza kama ninaumwa.

Kesho yake niliitungua glavu ukutani, nikamwita mdakaji uwanjani. Nikawakusanya wote.

"Nilimpigisha magoti mbele yenu," nikasema, "kwa hiyo nasema mbele yenu. Nilikosea. Kule Tumati hamkushindwa ninyi, nilishindwa mimi. Mwanangu, nisamehe."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mzee kumwomba mtoto msamaha hadharani hawakuwa wamewahi kuona. Kiranja, mdomo bado umevimba, ndiye aliyetuokoa.

"Sasa mzee na wewe piga magoti!"

"Asipige," mdakaji akasema taratibu. "Akipiga, nani atamnyanyua?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye akaninyooshea mikono, akachukua glavu.

Tulifanya mazoezi ya kudokoa mpaka jua likaegemea mlima. Niliwaambia mpira ni ndama, na anayemwona usoni ndiye anayeita. Kiranja alipochoka, nikasimama mimi kituo cha tatu. Mpira ukadondoka, nikaukimbilia kwa nguvu zote nilizonazo.

"Mzee, acha! Acha, wa mrushaji!"

Sauti ile ilivuka uwanja mzima, na nadhani ilisikika mpaka barabarani. Nimeshukuru kwa mambo mengi maishani, mengi yake kwa kuchelewa. Kwa hili nilishukuru pale pale. Niliacha.