Sahihi Mia Mbili na Sita za Kumfuta Mwalimu Kalondu

Kosa la Kalondu lilikuwa picha. Huyu ni mwalimu wa chekechea huko Kyuso, mkataba wake na kaunti unaisha kila Desemba. Jumatatu, mwakilishi wa wadi alifungua mfereji wa maji kwa utepe na maombi marefu. Ijumaa ulikuwa umekauka kau. Kalondu akaupiga picha, akaandika Facebook: "Utepe tumebaki nao, maji yameondoka na Mheshimiwa."

Lo! Muindi, ambaye kazi yake ni kumsifu Mheshimiwa mtandaoni, akawasha moto: "Mtumishi wa umma anatukana viongozi! Afutwe kazi!" Mtu mzima na ndevu zake, anaomba mwenzake akose unga! Na wazazi ambao Kalondu aliwafundishia watoto kushika penseli wakaitikia "Afutwe!" kama kwaya. Kalondu alisoma yote, chakula kikamshinda. Ana watoto watatu na mama mkwe, na mshahara ni huo mmoja.

Ofisi ya elimu ikasema inataka malalamiko ya watu kwenye karatasi, si kelele za simu. Muindi akachora mistari: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Akaenda sokoni. Sasa, huku kwetu, karatasi ya mistari mwezi wa kumi, mvua ikinukia, ni ya kitu kimoja tu: kujiandikisha kupewa mbegu za ndengu za bure. Watu wakapigana vikumbo kujiandikisha. Maneno ya juu nani asome? Muindi naye, kichwa kimevimba, akadhani ni chuki imefurika. Wa kwanza kutia kidole alikuwa Kathini, mama mkwe wa Kalondu.

Ofisa wa elimu akawaita wote waje wathibitishe. Kalondu alikaa mbele. Wakaja, kila mtu na gunia tupu kwapani.

"Nani anataka Mwalimu Kalondu afutwe?" ofisa akauliza.

Kisha Kathini akainuka.

"Asi! Afutwe, wajukuu wangu wale nini? Mimi nimefuata ndengu, bwana ofisa. Ni kilo ngapi kila mtu?"

Macho yote yakamgeukia Muindi. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilipitia dirishani.

Ofisa akairarua ile karatasi. Mheshimiwa, alipoambiwa kuna kura mia mbili na sita zimebeba magunia matupu, alileta mbegu mbio mbio na kuapa kwamba Muindi hamjui.

Kalondu alirudi nyumbani kupitia mferejini. Utepe upo, maji hakuna. Akatoa simu, akapiga picha nyingine.