Kufuli na Kigari cha Mwenyekiti

Baba mdogo alikuwa na jina zuri alilopewa na babu, lakini kazini na mtaani walimwita Kufuli, naye akaitika mpaka akalizoea. Alilinda vigari vya klabu ya gofu, vile vya betri ambavyo wenye nazo huvipanda ili wasitembee katika mchezo ambao wenyewe wanasema ni wa kutembea. Jina lilimpata baada ya kigari kimoja kuibwa. Meneja alimwita ofisini, hakumpa hata kiti, akamwambia, "Kikipotea kingine, na wewe upotee."

Tangu siku hiyo aliishi roho juu. Vigari vile vilitoka kiwandani na ufunguo wa aina moja. Wa hiki unawasha na kile, na wanachama waliuacha ukining'inia wakaenda zao kunywa. Basi kila kigari kikirudi bandani, baba mdogo alichomoa ufunguo, akainua kiti na kuzima swichi ya betri, kisha akapitisha mnyororo kutoka kwenye usukani hadi kwenye breki na kutia kufuli. Cha mwenyekiti wa klabu, cheupe, chenye viti vya ngozi, alikifunga na magurudumu pia, akakitia pingu kwenye nguzo ya banda kama mhalifu. Funguo zote alizivaa kiunoni kwa kamba. Ulimsikia akija kabla hujamwona.

Mkewe, mama mdogo wangu, alifanya kazi hapohapo. Alifagia majani yaliyoanguka uwanjani, na vumbi lile halikuipenda pumu yake. Alikuwa mtu wa utani. "Mwenzenu nimeolewa ukewenza," alikuwa akituambia. "Wenzangu wako bandani. Wote wamefungwa, niko huru mimi tu." Baba mdogo alicheka kuliko sisi sote.

Siku moja ya mashindano, jua likiwa kali, vigari vyote vilikuwa uwanjani isipokuwa cha mwenyekiti, ambaye alikuwa bado mezani. Mkata nyasi akaja mbio mpaka bandani.

"Kufuli, mkeo kaanguka kule shimo la mwisho. Pumzi haipandi."

Baba mdogo akashika funguo zake kiunoni. Ni hapo ambapo mimi humchukia na kumhurumia kwa pamoja. Mfanyakazi hakuruhusiwa kupanda kigari ila kwa kukitoa na kukiingiza bandani, na yeye hakuwahi kuvunja amri ya klabu hata kwa mawazo. Akaziachia funguo, akakimbilia ofisini kuomba ruhusa. Meneja alikuwa na wageni; akamwonyesha kwa kidole asubiri. Naye akasubiri. Alisimama kando ya mlango, kofia mkononi, huku mkewe anatafuta pumzi kwenye nyasi za watu.

"Cha mwenyekiti, mzee?" meneja akasema zamu yake ilipofika. "Akitoka sasa hivi nimwambie nini? Chukueni toroli."

"Sawa, bosi."

Wakachukua toroli, lile la kubebea majani aliyoyafagia mama mdogo mwenyewe. Baba mdogo na mkata nyasi wakalisukuma uwanja mzima, kichwa cha mama mdogo kikigongagonga chuma. Njiani walisimama wakamngoja mchezaji apige mpira wake, kwa sababu kupita mbele yake ni kukosa adabu. Mkata nyasi ndiye aliyenisimulia hilo. Baba mdogo mwenyewe hajapata kulitaja.

Mama mdogo hakufa. Hospitali walimrudishia pumzi, lakini kifua hakikuwa kile tena. Kupanda ngazi tu kulimfanya ashike ukuta. Klabu ikatafuta mfagiaji mwingine. Mama mdogo hakumlaumu mumewe, wala hakumnunia. Aliacha utani tu, na nyumba ikawa nzito kuliko ambavyo ingekuwa kama angempigia kelele.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, kweupe kabisa, lori dogo likaingia klabuni na kusimama mbele ya banda. Wakashuka wanaume wawili, mashati yamenyooka kwa pasi, vitambulisho shingoni. Walisema wametumwa na mwenyekiti kuchukua kigari chake kikabadilishwe betri. Mmoja akamwita baba mdogo "mkuu". Mwingine alikuwa na simu sikioni: "Ndiyo, mwenyekiti, tumeshafika. Mlinzi wako ni mtu safi sana."

Sifa ile ilimlevya. Hakukimbilia ofisini kuuliza. Nani angeuliza, na mwenyekiti yuko kwenye simu? Akafungua mnyororo wa magurudumu, akafungua wa usukani, akainua kiti akawasha swichi. Akawasaidia kukisukuma juu ya lori. Kabla hawajaondoka akapangusa viti kwa kitambaa, kisha akawapungia mkono.

Mwenyekiti alipofika kucheza, hakujua habari ya betri wala ya lori. Meneja alitimiza neno lake palepale, na funguo akazichukua.

Siku hiyo hatukumsikia akija. Tulishtuka tu kumwona amesimama mlangoni, kamba tupu kiunoni. Akakaa akamsimulia mkewe yote, hata yale mashati. Mama mdogo alikuwa anachambua maharage kwenye sinia.

"Ulichukua muda mrefu kufungua?" akamuuliza mwishowe.

Maskini, alidhani anaonewa huruma. "Wapi. Kufumba na kufumbua. Si nilikuwa nazo hapa?" Akajipapasa kiunoni.

"Najua," mama mdogo akasema. "Hata siku ile ulikuwa nazo."

Akarudi kwenye maharage yake, akitoa mawe.