Kabichi Kumi na Moja za Babu Singano

Enzi zetu, na tafadhali usicheke kabla sijamaliza, watoto tulikuwa na adabu. Ninaposema enzi zetu ninamaanisha mwaka ule wa korona, na mimi nina miaka kumi na nane. Najua wenye haki ya kusema maneno haya ni watu waliosomea koroboi na kwenda shule pekupeku. Lakini juzi binamu zangu wadogo waliona kibuyu chirizi chetu cha zamani, lile dumu la kunawia mikono lililoning'inia kwenye vijiti viwili pale uani kwa Bibi, wakauliza ni mtego wa ndege gani. Nikajua nimezeeka. Kama nawe uliwahi kunawa mikono mpaka vidole vikakunjamana kama vya bibi yako, keti hapa, tukumbushane.

Nilikuwa darasa la sita. Shule zilipofungwa nilikuwa kwa Bibi, kwenye kijiji kilicho juu ya Soni, mahali ambapo shamba limesimama kama ukuta. Ukidondosha kiazi mlangoni, unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Nakumbuka harufu ya sabuni ya mche iliyochanganyika na moshi wa kuni za mkaratusi. Nakumbuka ukungu wa asubuhi unaoingia ndani bila hodi na bila barakoa. Na nakumbuka kabichi.

Malori ya Dar yalikuwa yameacha kupanda. Mboga zilirundikana Soni mpaka ng'ombe wakaanza kuchagua. Kwetu palikuwa na kabichi barazani, kabichi chini ya kitanda, na kabichi moja juu ya redio kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuiweka. Tulikula kabichi na ugali, kabichi na kande, na siku moja chai na kabichi. Aliyelalamika aliambiwa na Bibi, "Chakula hakitupwi. Ukitupa kabichi leo, kesho kabichi itakutupa wewe." Sikuelewa maana yake na bado sielewi, ila sijawahi kutupa jani tangu siku ile. Maji ya kunawia yalimwagilia vitunguu. Vipande vya sabuni vilivyobaki vilikandamizwa pamoja mpaka vikawa mche mpya wenye rangi tatu. Watoto wa siku hizi wanabonyeza kitakasa mikono mara nne, kisha wanajifutia kwenye pazia.

Sasa niungame. Nilikuwa mtoto mwenye wasiwasi. Nilikuwa nalala nikiwaza kama daftari langu limenyooka mezani. Kuandika vizuri nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili magazeti yaliyofungiwa maandazi, ndiyo maana hata barua zangu kwa mama zilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Korona ilipokuja nilipata kazi niliyozaliwa nayo. Nilitunga Kanuni za Nyumba, ishirini na mbili, kwa wino mwekundu. Kanuni ya kumi na nne ndiyo iliyonitia dhambini. Redio ilisema ugonjwa unaruka na mate. Nikafikiri: mate ya mtu aliye chini yakipigwa na upepo wa mlimani yatapanda. Nikaandika: "Ni marufuku kupaza sauti mlimani."

Chini yetu aliishi Babu Singano, peke yake. Alikuwa amekwenda Dar kwa mwanawe, na habari zilipokuwa mbaya akarudi mbio. Alipokuwa anashuka stendi pale Soni akakohoa mara mbili. Tu. Kikohozi kile kilifika kijijini kabla yake. Watu wakabadilisha njia, na dukani pakawekwa kamba. Mwenyewe, mtu wa heshima, alijifungia nyumbani, akasema hatatoka kwa siku kumi na nne wala asifuatwe.

"Atakula nini?" Bibi aliuliza. Yeye ni Mlutheri, Babu Singano ni Mwislamu, na kwa miaka yote niliyowafahamu wamebishana kuhusu mpaka wa shamba tu. "Mtu hafi njaa chini ya miguu yangu."

Nikatoa wazo. Hadi leo sijui nilionee fahari au aibu. Njia ya maji ya mvua ilitoka uani kwetu ikateremka moja kwa moja mpaka uani kwake. Kabichi ni duara. Tuibiringishe.

Kabichi ya kwanza niliifunga kwa kamba ya mgomba pamoja na barua: kanuni zote ishirini na mbili, kanuni ya kumi na nne imepigiwa mstari, nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Chini nikaongeza utaratibu wa mawasiliano, kwa kuwa sauti imepigwa marufuku: kabichi ikifika, piga sufuria mara moja. Ukiwa mzima, piga mara mbili.

Binamu yangu Hoza, miaka sita, akauliza, "Na akifa anapiga ngapi?"

"Akifa atanyamaza," Bibi akasema. "Na wewe unyamaze sasa hivi kabla sijakunyamazisha."

Kabichi ikaondoka. Ikaruka tuta, ikapotea kwenye migomba, kuku wakapiga kelele, kisha kimya. Halafu: kwang! Tukashikana mikono. Halafu tena: kwang, kwang! Bibi akafuta macho kwa kanga, akaniambia nikanawe kwa sababu nimeshikana mikono.

Kila siku saa sita tulituma moja, na mimi, sikuweza kujizuia, niliboresha. Nilipanga mawe kwenye kona. Nilichagua kabichi kwa uduara. Zenye umbo baya tulikula wenyewe, zake zilikuwa kabichi za mashindano, ngumu kama jiwe la kusagia. Kufikia siku ya saba zilikuwa zinasimama mlangoni kwake kabisa. Lakini sufuria ilianza kupigwa polepole. Nikaandika daftarini: "Mpokeaji amezoea."

Siku ya kumi na moja tulituma kabichi nzuri kuliko zote. Hatukusikia kitu.

Tukangoja. Ukungu ulipanda, ukashuka. Nikahesabu mpaka mia tano. Hoza akaninong'oneza, "Amepiga ile ya kufa." Nikawaza: kabichi imempata kichwani. Nimemuua Babu Singano kwa mboga, na daftari la ushahidi nimeliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nikafunga barakoa mbili, moja ya kitenge na moja ya mfuko wa unga, nikateremka huku nalia. Bibi alinifuata na fimbo aliyokuwa ameipima mita mbili.

Babu Singano alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika blanketi, mashavu yameingia ndani. Pembeni yake kabichi zote zilikuwa zimepangwa ukutani kwa mstari, nzima, hazijaguswa. Moja alikuwa ameivika kofia.

"Shikamoo Babu," nikasema kutoka mbali. "Kwa nini hukupiga?"

Aliniangalia, akaziba mdomo kwa blanketi. "Marahaba. Kila nikipiga mnaleta nyingine," akasema. "Nikaona ninyamaze, labda zitakoma."

Bibi akashika kiuno. "Singano! Siku kumi na moja tunakulisha, wewe unapanga foleni ya kabichi? Umekula nini?"

"Uji, mpaka unga ulipoisha juzi. Na ndizi mbivu."

"Na kabichi je?"

Akashusha blanketi. Kisha akafunua mdomo. Ndani hapakuwa na jino hata moja.

"Nilitoka Dar kwa haraka," akasema. "Mimi nimerudi. Meno yamebaki kwenye glasi, kwa mwanangu. Na kinu sina."

"Si ungesema!"

"Mtu anakuletea chakula wakati wengine wanakuwekea kamba, utamwambiaje kwamba huna meno? Siku ya kumi njaa ilipozidi aibu nikataka kuita." Akanielekezea kidole. "Nimekatazwa. Kanuni ya kumi na nne. Kuna nakala kwa mwenyekiti."

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Njia nilikuwa nimeinyoosha, kabichi nilikuwa nimezichagua, lakini mwenye njaa nilikuwa nimemfunga mdomo. Kuuliza "Babu, unaweza kutafuna?" hakukuwamo katika kanuni zote ishirini na mbili.

Bibi hakunigombeza. Alinituma kinu na unga. Tukakoka moto uani kwake, Babu upande ule wa fimbo, sisi upande huu, na karatasi ya kanuni ikawasha kuni, maana karatasi nayo haitupwi. Kabichi iliyopikwa mpaka ikasalimu amri tukaitwanga kwenye kinu pamoja na viazi. Babu Singano alikula bakuli tatu. Alipomaliza akatazama zile zilizobaki ukutani, akasema, "Hii yenye kofia msiipike. Tumezoeana."

Siku zake kumi na nne ziliisha, kikohozi hakikurudi. Lori la kwanza lilipofika Soni kuchukua mboga, dereva alileta bahasha kutoka Dar. Bibi hakumpa mwenyewe moja kwa moja. Aliyaosha yale meno kwa sabuni ya rangi tatu, akayaweka juu ya bati, juani, siku tatu. Kijiji kizima kilipita kuyatazama, na mama mmoja, kwa mazoea, aliyaamkia. Siku ya tatu Babu Singano aliyavaa, akauma kabichi mbichi mbele ya watu, ikasema kra! Watu wakashangilia kama bao limeingia. Ile kamba ya dukani iliondolewa jioni hiyohiyo.

Sasa naishi Tanga, chumba cha kupanga, jirani yangu wa ukuta simjui jina. Simu yangu ina majina mia tatu, na wote wananiandikia "mambo", nami najibu "poa" hata siku ambazo si poa. Wakati ule watu walitenganishwa kwa fimbo ya mita mbili, lakini sufuria moja ikinyamaza, mlima mzima ulisikia. Siku hizi hakuna fimbo, na nadhani ningeweza kunyamaza wiki nzima bila mtu kushtuka.

Nadhani tu, kwa sababu Babu Singano naye amenunua simu, ile ya vitufe. Kila Jumapili saa sita ananipigia. Hasemi neno. Nasikia kwang moja, halafu kwang mbili, halafu anangoja.

Nami natafuta sufuria.