Homa Aliyorudi Nayo Kutoka Mombasa

Mume wangu alikuwa akibeba mizigo bandarini Mombasa, na karibu kila likizo alirudi na maleria. Sisi wa vilima vya Mbooni tulikuwa na baridi, hatukuwa na mbu wa kutisha, kwa hiyo homa yoyote iliyoshuka kwenye basi la Mombasa tuliiita maleria bila kuuliza. Mwaka huo alishuka kituo chetu cha Kikima akitembea ameinama, macho mekundu, akashindwa hata kumnyanyua kitinda mimba wetu.

Nilimpa klorokwini. Siku ya tatu akatokwa na vipele, nikasema ni hiyo dawa, huwasha kila mtu. Siku ya tano nikampeleka zahanati. Akadungwa kidole, damu ikaangaliwa, tukaambiwa hana maleria, turudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipokasirika. Kesho yake ilikuwa zamu ya shamba letu kuchimbwa na mwethya, kikundi chetu cha kazi ya pamoja. Tulikuwa tunachimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuzuia mmomonyoko, kabla ya mvua, na kikundi kikija kwako, mwenye shamba halali kitandani ila awe mgonjwa. Wangu damu yake ilikuwa safi.

"Mama watoto, hii mifupa ni kama imevunjwavunjwa," alisema.

"Damu haina kitu. Ni uvivu tu," nikamjibu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe uko na siku ya sita!"

Akaamka, akaja. Alichimba kidogo, jembe likamponyoka; vidole vilikataa kufunga. Wanawake walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda, maana niliona aibu. Akapiga magoti mtaroni, akawa anazoa udongo kwa viganja na kuutupa juu, mpaka saa sita.

Wiki mbili baadaye mwenzake wa bandarini, naye akiwa likizo, alipita kutusalimu. Akamuuliza mume wangu kama mikono imepona, kwa sababu yake ilikuwa bado. Watu wa pwani, alisema, wanaiita kidingapopo. Inaletwa na mbu anayeuma mchana, haisikii klorokwini, na wenzao wengi imewalaza.

Nilimwomba mume wangu msamaha siku hiyohiyo. Akasema yameisha, nami nikaamini. Lakini miaka yote iliyofuata hakuniambia tena kwamba anaumwa popote. Hata uvimbe uliomuua, niliusikia kwa daktari.