Sala Niliyoisikia Vibaya

Kirundi changu nilikiokota ukubwani. Nilizaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikisema Kiswahili, nikarudi Burundi nikiwa mke wa mtu, tukapewa kipande cha shamba la baba mkwe huku Giteranyi. Nikawa naitwa Mtanzania, nami nikijibu kwa Kiswahili cha kukata mtu maini, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

Kanisani wanawake waliomba kwa Kirundi, na sala moja ilirudi kila Jumapili: *Mana, unkure mu ngorane.* Ngorane nilijua ni shida. Hilo neno lingine sikumwuliza mtu. Sikio langu la Kiswahili lilisikia kukua, basi nikajua wanasema: Mungu, nikuze katika shida. Nikawaheshimu sana. Nilisema moyoni, hawa watu wana roho ngumu, sisi kambini tulikuwa tunaomba mahindi tu. Nikaishika sala ile, na kwa ujuaji wangu nikaiongezea mkia: *unkure mu kwizera.* Kwizera ni imani. Niliona nimetunga kitu.

Mwaka mume wangu alipoanguka, hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo. Alikuwa anashuka na baiskeli ule mteremko wa karibu na kanisa, kapakia mikungu ya ndizi, breki zikakatika. Mguu ulivunjika chini ya goti, kidonda kikaingia uchafu. Hospitali ya Muyinga walijaribu, kisha wakatutuma Gitega, kwenye hospitali kubwa zaidi. Ndizi zetu, maharage yetu, kila kitu kilifika sokoni kwa mguu ule. Nilikwenda Gitega kuuombea mguu.

Mjini sikuwa na ndugu. Langoni pa hospitali nilikuwa naulizia njia kwa Kiswahili, mama mmoja Mwislamu akageuka kama aliyeitwa jina. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Yoba. Alinipa mkeka chini ya meza yake ya kukatia nguo, na jiko la kupikia uji wa mgonjwa. Asubuhi yeye alisali sala yake, mimi nikasali yangu kwa sauti, halafu nikabeba uji.

Siku moja akaondoa mguu kwenye cherehani.

"We mama, hiyo sala yako, unajua iko inasema nini?"

"Namwomba Mungu anikuze katika shida, na anikuze katika imani."

"Akukuze? *Unkure* ni unitoe. Watu wote wako wanaomba watoke kwa shida, we peke yako uko unaomba ukomalie mule ndani. Na ile ingine sasa! Uko unamwambia Mungu akutoe kwa imani."

Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nilicheka na mimi, lakini kicheko cha juujuu. Nilibeba uji nikaenda, na daktari alikuwa ananisubiri kando ya kitanda. Uozo umefika kwenye mfupa, alisema. Mguu lazima ukatwe, la sivyo tutampoteza mtu mzima.

Nilikasirika na Mungu vibaya sana. Nilimwambia, kumbe wewe unasikiliza makosa tu. Miezi yote hii mguu hukuusikia, ila ile ya kunitoa kwenye imani umeijibu upesi. Kesho yake nilipika uji kimya, nikajifunga kitenge nitoke.

"Uji bila sala?" fundi akauliza.

"Naomba Kirundi kibovu."

"Kwani Mungu ni mwalimu wa Kirundi, akupe zero? Kaa chini, uombe. Uji iko moto bado."

Sikukaa. Lakini maneno yake yalinifuata barabara nzima, na nilipofika hospitali nilikuwa nimeanza kujionea aibu.

Mume wangu nilimkuta amegeukia ukutani. Nilimsimulia kosa langu lote, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alinishika mkono, akasema, "Mke wangu, niombee ile yako."

"Ile mbaya?"

"Ile mbaya. Ile ya kutoka nimeiomba mpaka imenichosha."

Basi nikaomba, kwa Kiswahili changu mwenyewe, kwa ukali, kama ninavyogombana na muuza maharage. Nilisema, Mungu, mguu unakwenda. Hutaki kututoa, haya. Basi tukuze humuhumu ndani, na usitukuze kidogo. Mume wangu alisema amina, akaomba uji, akaumaliza wote. Nami hofu iliniisha. Sijui niliseme vipi tena: ilikuwepo, ikaisha. Walipomsukuma kwenda kukatwa, nilitembea pembeni yake nikiimba.

Tulirudi Giteranyi na magongo na baiskeli iliyotengenezwa breki. Ndizi hazisubiri mtu apone, nikajifunza kuendesha. Nilianguka kwenye mihogo ya jirani, nikaanguka tena kwenye mihogo hiyohiyo, jirani akaniuliza kama nimeipenda. Kabla ya mvua kuanza nilikuwa napeleka mkungu sokoni. Jumapili moja nikampakia mume wangu nyuma, magongo kayakumbatia, tukaenda kanisani. Mwanaume mmoja njiani akauliza kama simwoni mzito. Nikamwambia ng'ombe haelemewi na nunduye.

Niliitwa mbele nishuhudie. Nilisimulia yote, pamoja na neno nililolisikia vibaya, na kanisa zima likacheka. Kisha akasimama kiongozi wa akina mama, ambaye mtoto wake alikuwa amelala nyumbani mgonjwa wa muda mrefu. Alianza kwa mazoea, *Mana, unkure...* akaikatiza. Akaanza upya, akaomba kwa Kirundi safi, na mara hii nilielewa kila neno: Mungu, kama bado hunitoi, nikuze. Nililia mbele za watu, na sikujali.

Kurudi nyumbani ni kupanda mteremko uleule uliomvunja. Katikati nilianza kuhema, mume wangu akauliza kama ashuke.

Nikamwambia akae hapohapo.