Chumvi Iliyopikwa Wakati wa Eda

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao ndani yake Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani wa Zanzibar aiachie Ujerumani pwani ya bara pamoja na kisiwa cha Mafia. Miaka michache baadaye, bendera ikiwa imekwisha kubadilika na mvua zikiendelea kuja kwa zamu zilezile, mwanamke aitwaye Kidawa binti Matano alikuwa akipika chumvi kwenye jangwa lililo nyuma ya mikoko, upande wa magharibi wa Baleni. Habari zake zimehifadhiwa na koo mbili: ukoo wa jirani yake Kijakazi, uliobaki Baleni, na ukoo wa shemeji yake Jumanne, ulioko kisiwa cha Bwejuu. Yanayosimuliwa hapa ni yale ambayo koo hizo zinakubaliana. Pale zinapoachana, imeelezwa.

Jangwa la Mafia ni uwanja mtupu ambao bahari huufikia wakati wa bamvua tu, maji yanapojaa kupita kiasi. Maji yakiondoka na jua likiwaka, udongo hubaki na ukoga mweupe. Wakati wa kiangazi Kidawa aliukwangua ukoga huo kwa kombe, akaujaza katika kapu lililotandikwa majani, akaumwagia maji ya bahari, kisha akayakinga kwa chini yale yaliyochuruzika. Yai la kuku likielea ndani yake, maji yalikuwa makali ya kutosha kutiwa motoni.

Ndani ya chungu mambo hayaji kwa pamoja. Kwanza hutua vumbi jeupe mfano wa chokaa, ambalo si chumvi. Hilo huchujwa na kutupwa. Maji yakizidi kupungua, chembe huonekana juu, zikawa nzito, zikazama moja baada ya nyingine kama manyunyu. Hiyo ndiyo chumvi. Mwishoni hubaki maji kidogo, mazito, yanayoteleza vidoleni kama mafuta. Hayo ni maji machungu. Mpishi anayeijua kazi huichota chumvi kwa upawa wa kifuu maji hayo yakiwa bado yapo, akaitundika katika pakacha ichuruzike, kisha akayamwaga. Asiyeijua huona hasara kumwaga, akaacha moto uyakaushe. Atapata chumvi nyingi zaidi, nyeupe vilevile, lakini uchungu umekwisha ingia ndani yake, na chumvi ya namna hiyo huvuta unyevu wa hewani mpaka ikatoka maji yenyewe. Watu wa Baleni walisema: chumvi inalia.

Mume wa Kidawa, Mfaume, alikuwa akikata mikoko na kumletea kuni. Hawakujaaliwa mtoto. Mfaume alifariki mwanzoni mwa kiangazi, maji makali yakiwa tayari ndani ya vyungu, na Kidawa akaingia eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda shamba, pwani wala jikoni kwa kazi ya kuuza. Nyumba yake ilikuwa juu kijijini na banda la chumvi lilikuwa chini jangwani, kiasi kwamba kutoka mlangoni hakuweza kuona hata moshi wake.

Mdogo wake, Mwanasiti, ndiye ndugu pekee aliyekuwa amebaki. Alikuwa ameolewa kwa nikahi na Jumanne wa Bwejuu, na baada ya masika angepelekwa kwa mumewe. Baba yake Jumanne, mzee Muhidini, alikuwa mkaushaji wa ng'onda, samaki wa chumvi, na chumvi yote ya Kidawa ilikwenda kwake. Mwanasiti akaenda bandani kumpikia dada yake.

Kijakazi, aliyekuwa akimpelekea mjane chakula, alipita jangwani siku moja akamkuta Mwanasiti anachochea moto chini ya chungu kilichokaribia kukauka.

"We Mwanasiti, dada yako huyamwaga hayo."

"Dada yangu alikuwa na mume wa kumkatia kuni," Mwanasiti alijibu. "Mimi kuni nimezibeba kwa kichwa changu. Simwagi kitu."

Kijakazi alicheka, akaenda zake. Baadaye aliwaambia wanawe kwamba kicheko kile kilimkaa kooni maisha yake yote.

Chumvi ikapelekwa Bwejuu. Masika yalipoanza, hewa ilijaa maji, na samaki waliotiwa chumvi ile hawakukauka. Walilowa, wakalegea, wakaoza juu ya vichanja. Mzee Muhidini akaja Baleni na kifurushi mkononi, akasimama nje ya mlango wa mjane.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, mzee," Kidawa alijibu nyuma ya pazia. "Nisamehe, siwezi kutoka."

"Sikuja kukutoa. Nimekuletea chumvi yako. Nilidhani nimenunua chumvi, kumbe nimenunua msiba. Samaki wangu wote wameoza."

Kijakazi alikipokea kifurushi, akakiingiza ndani. Kidawa aliweka chembe mbili ulimini. Hakuhitaji zaidi. Uani, mchi wa Mwanasiti uliokuwa ukitwanga ulikuwa umenyamaza.

"Kaipika nani?" Muhidini aliuliza.

"Jiko ni langu, mzee, na chumvi ni yangu."

"Nawe umo edani! Umeipika kwa miguu ya nani?"

"Nimesema ni yangu."

Mzee aligeuka kuelekea njiani. Kisha akasema kwa sauti ambayo jirani wote waliisikia: "Basi mwenye eda analia, na chumvi yake inalia. Kila mtu na alie kwake." Akaondoka.

Maana ya jibu la Kidawa ilikuwa wazi kwa kila aliyelisikia. Ikiwa chumvi ni yake, basi alitoka ndani na kwenda kukaa motoni kabla udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Hilo lilikuwa aibu kubwa kuliko samaki waliooza. Lakini angemtaja Mwanasiti, mzee Muhidini angejua kwamba mke wa mwanawe, ambaye hata kizingiti chake hajakivuka, ndiye aliyemharibia kazi ya msimu mzima. Mwanamke wa namna hiyo hakuchukuliwa. Aliachwa hukohuko kwao. Kidawa alichagua. Baada ya masika Mwanasiti akapelekwa Bwejuu kwa ngoma na vigelegele. Hakuna upande hata mmoja unaokumbuka kwamba dada hao walizungumza juu ya jambo lile kabla ya kuagana.

Kidawa alitoka eda, lakini watu hawakumrudia. Mashua za Bwejuu zilipita mdomo wa ghuba bila kuingia. Watu wa Baleni walimbadilishia muhogo kwa chumvi kidogo ya jikoni, na walikuja saa za jua kali, njia zikiwa tupu. Kisimani wanawake walimpisha achote kwanza. Haikuwa heshima, walitaka aondoke. Kila akigeuka alisikia, "Kapu lako linachuruzika, bibi, au ni macho?" na kicheko kinachofuata.

Alihamia jangwani kabisa, akalala bandani kando ya vyungu. Kijakazi, aliyeendelea kumtembelea mara mojamoja, alisimulia jambo moja ambalo wajukuu zake bado wanalitaja kwa sauti ya chini. Kidawa alipokuwa akirudi kutoka kukwangua chumvi, kapu kichwani, alisimama mbele ya banda lake mwenyewe akapiga hodi. Alingoja kiasi cha mtu kujibu. Kisha aliingia.

Kiangazi cha tatu kilipokuwa kinaelekea ukingoni, mtu wa mtumbwi aitwaye Iddi, aliyekuwa akichukua nazi za Baleni, alimpitia kumwomba maji ya kunywa.

"Shangazi, dada yako kajifungua. Mtoto wa kike. Arobaini yake mwezi ukiandama."

"Wamenialika?"

"Wamealika watu wote."

"Watu wote ni nani?"

"Watu wote ni watu wote, shangazi. Usinitie mizanini. Mimi nitakwenda, ukitaka kwenda, mtumbwi una nafasi."

Siku ya arobaini mzazi hutoka chumbani, na jamaa hula chakula kilichopikwa na wanawake wa pande zote mbili. Kila wa upande wa mzazi huleta kitu cha kutiwa chunguni. Kidawa hakuwa na kuku wala mchele. Alikuwa na chumvi, na alilijua jambo hili vizuri: wakiitia katika mchuzi, wamemrudisha kuwa ndugu, wakiikataa, hatakuwa na njia nyingine ya kufika kwa Mwanasiti wala kwa mtoto. Alitaka chumvi mpya, ambayo hakuna mtu angeweza kusema lolote juu yake.

Masika yalimtangulia. Wingu la kwanza lilifika alasiri moja, na mvua iliyoanguka iliusafisha ukoga wote wa jangwa. Kwa msimu ule hapakuwa tena na kitu cha kukwangua. Alibakiwa na maji makali ya chungu kimoja. Aliyaweka motoni chini ya paa la makuti ambalo hakuna mwanamume aliyelitengeneza tangu Mfaume afariki. Chembe zilipoanza kuzama, paa likavuja juu ya chungu. Kila tone la mvua liliyeyusha kile ambacho moto ulikuwa umekileta. Alivua kaniki ya mabega akaitandaza juu kwa vijiti, akasukuma kuni, akangoja upya.

Kijakazi, aliyekuwa amekimbilia bandani kujikinga na mvua, alimwona anafika mahali pale pale ambapo Mwanasiti alikuwa amefika: chumvi kidogo chini, maji mazito juu, na kuni zilizobaki zikitosha kukausha.

"Ukikausha utajaza kibuyu," Kijakazi alisema. "Ukimwaga utabaki na konzi."

"Najua."

"Konzi ni aibu kuipeleka kwa wakwe."

Kidawa aliinua chungu kwa matambara mawili, akayamwaga maji machungu katika mvua. Alibaki na konzi moja ya chumvi, akaichuruzisha, akaifunga kwa jani la mgomba na kulizungushia kitambaa.

Kidawa na Iddi walifika Bwejuu mvua ikinyesha. Uani kwa Muhidini wanawake walikuwa wamezunguka vyungu chini ya ukumbi, na Bimkubwa, mke wa Muhidini, ndiye aliyeshika mwiko. Mwanasiti alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba, mtoto begani.

"Shikamoo, mama," Kidawa alisema.

"Marahaba. Umekuja na mvua."

"Imenikuta njiani."

"Na hicho?"

"Chumvi. Ya mchuzi wa mtoto."

Wanawake waligeuka wakakitazama kifurushi. Mwanamke mmoja akauliza, kama anayeuliza bei ya mchicha, "Ya kiangazi hiyo, au ya eda?" Wengine wakacheka ndani ya kanga zao.

Bimkubwa hakucheka. "Ifungueni, muiweke hapo juu ya jani. Mchuzi ukiiva tutaitazama. Ikiwa kavu, itatiwa. Ikilia, arudi nayo."

Kidawa alijua kwamba siku kama ile hakuna chumvi inayobaki kavu. Chumvi chungu hulia upesi na chumvi safi hulia polepole, lakini masika huzipata zote.

"Mama, siku hii hata chumvi ya Sultani ingelowa," alisema. "Haijulikani kwa macho. Ionjwe."

"Aonje nani? Mimi nina wajukuu wa kulea."

Chumvi ikakaa juu ya jani. Kuku akachemka, nazi ikatiwa, mvua ikaendelea kupiga makuti. Kidawa alisimama pale alipokuwa kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Baada ya muda chembe za ukingoni zilianza kung'aa, kisha doa la maji likajichora pembeni mwa jani. Bimkubwa akainama.

"Inalia," alisema.

Kidawa hakulitazama jani. Alikuwa akimtazama Mwanasiti. Mwanasiti aliinuka, mtoto akiwa begani, akavuka ukumbi, akachukua chembe kwa ncha za vidole, akaziweka ulimini.

Watu wa Bwejuu wanasema alitamka maneno mawili tu: "Si chungu." Watu wa Baleni, waliopata habari kwa Kijakazi, naye kwa Kidawa mwenyewe, wanasema aliongeza: "Hii maji yake yamemwagwa," na kwamba Bimkubwa alimtazama mkazamwana wake kwa kitambo kirefu. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya lililofuata. Bimkubwa aliliinua jani kwa mikono yake, akamimina chumvi yote chunguni, maji yake na chembe zake, akakoroga.

"Mpeni mgeni mahali pa kukaa," akasema.

Kidawa alikula. Alipakatishwa mtoto, akamshika mpaka alipolia. Mwanasiti alimpokea mtoto wake bila kuinua macho, akarudi chumbani. Mvua ilipopungua Iddi aliita kutoka pwani, na Kidawa akaondoka.

Kiangazi kilichofuata mashua za Bwejuu ziliingia tena ghubani. Jumanne alikuja mwenyewe kuchukua chumvi, akamwita dada, akanywa maji bandani kwake. Neno la kuvunja eda halikufutwa. Watu waliacha kulitamka, wakaendelea kuliamini. Mwanasiti hakuja hata mara moja, ingawa mashua ilikuwa na nafasi na njia ilijulikana. Kidawa alifariki jangwani kabla Waingereza hawajaichukua Mafia mwaka 1915, na Kijakazi ndiye aliyewaita watu wa kumwosha.

Haijulikani kama Mwanasiti aliwahi kumwambia mumewe ni nani aliyepika chumvi ile. Haijulikani pia kama Bimkubwa alilielewa alilolisikia siku ya arobaini, wala kama kweli Mwanasiti aliyatamka maneno yale juu ya maji yaliyomwagwa.